Ufuo Una Saa Zake

Kabla ya kukata tikiti ya treni, huwa naangalia mwezi kwanza. Wenzangu hapa Nairobi hufungua kalenda na kutafuta sikukuu iliyoegemea wikendi: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, Jamhuri tarehe 12 Desemba. Sikukuu ikiangukia Jumapili furaha huzidi, maana sheria inatupa na Jumatatu yake. Mimi nami nazihesabu siku hizo kwa hamu ileile. Ila safari yangu ya pwani ni ya miguu, na mtembezi wa ufuoni hana budi kukubali kwamba ratiba yake inapangwa na maji.

Nalieleza hili kwa sababu naona watu wengi wa bara wakishuka Mombasa, wakikaa hotelini siku tatu, wakirudi na picha za kidimbwi cha kuogelea, ilhali hatua chache tu kutoka kwenye viti vyao palikuwa na njia ya kilomita nyingi, njia inayofunguliwa na kufungwa mara mbili kwa siku.

Mwezi ukiandama, na tena unapokuwa mpevu, mvuto wa jua na wa mwezi hushikana na bahari huingia bamvua. Maji hujaa sana, kisha hupwa sana. Pale Kilindini, bandarini Mombasa, tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hukaribia mita 4. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: bahari hupanda kidogo, hushuka kidogo, na ukanda wa mchanga unaobaki ni mwembamba. Kila siku inayopita, saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la Kilindini, na simu nayo itakuonyesha, lakini wavuvi huzijua saa hizo kwa kutazama juu tu, na ukishauelewa mpango wenyewe utazijua wewe pia.

Kwenye pwani yetu bamvua ina utaratibu unaompendeza mtembezi: maji hufika chini kabisa asubuhi, kama saa nne au saa tano. Ukitoka saa mbili, bahari inakupisha. Mchanga uliotoka kufunikwa na maji bado umeshikana, unakanyagika vizuri bila kukuzamisha kifundo, na kila dakika unazidi kuwa mpana. Mpaka saa saba hivi umetembea vya kutosha na maji yanaanza kukurudisha taratibu kuelekea mivinje na minazi. Ukienda wakati wa maji mafu, saa hizohizo za asubuhi bahari ndiyo iko juu, na mchana kutwa utakuwa ukipanda na kushuka ukingoni, mguu mmoja juu, mmoja chini, hadi nyonga ziseme.

Ndiyo maana Idd-ul-Fitr ni sikukuu ninayoipenda kupita zote kwa matembezi. Idd hiyo husubiri mwezi kuandama, kwa hivyo bamvua iko karibu, kila mwaka, bila kukosa. Asubuhi watu wakitoka kuswali, ufuo unakuwa mpana kuliko kawaida, na jioni Mombasa nzima iko nje, watoto na nguo mpya, kuanzia viwanja vya Makadara hadi Mama Ngina. Idd-ul-Adha ni mambo mengine. Ile huja siku ya kumi ya mwezi wa Dhul-Hijja, mwezi wa angani ukiwa umepita nusu, na maji yanakuwa bado na unyonge wa maji mafu. Siku hizo ni za kukaa mjini na kula kwa jamaa. Pasaka nayo hufuata mwezi mpevu, lakini inaweza kuja kesho yake au karibu wiki nzima baadaye, kwa hivyo lazima uangalie mwaka hadi mwaka.

Halafu kuna upepo. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, bahari inatulia na maji yanakuwa ya kioo. Kusi huingia Aprili pamoja na mvua za masika na kuendelea katikati ya mwaka, mawimbi yana nguvu, mwani unatupwa ufuoni marundo kwa marundo. Watalii hulalamikia mwani. Mimi naupenda, kwa sababu ukiinua tawi moja utakuta kijiji kizima cha viumbe chini yake, na kwa sababu wakati wa kusi jua halikuchomi kichwa unapotembea.

Kuhusu usafiri sitasema mengi. Treni ya Madaraka Express, iliyozinduliwa mwaka 2017, inatoka Syokimau na kufika Miritini kwa saa tano hivi. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, na sikukuu zikikaribia tikiti huisha mapema. Basi la usiku ni refu lakini linakushusha Malindi au Kilifi moja kwa moja. Ukichagua treni, kaa dirishani mnapovuka Mto Tsavo. Mto ule una habari yake, nitaurudia.

Asiyewahi kutembea pwani ningemwanzisha mjini, Mombasa yenyewe, siku anayofika, kabla miguu haijazoea joto. Sisi tumezoea Karura na vilima vya Ngong, hewa ya mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, na tukishuka usawa wa bahari mwili hushangaa: mapafu yanafurahi, ngozi inalia. Jioni kando ya barabara ya Mama Ngina inatosha. Bustani ile ilifanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya Oktoba 2019, lakini mibuyu imekuwapo tangu enzi ambazo hakuna aliye hai azikumbukazo, minene, imejipanga juu ya jabali la bahari. Nunua dafu, nunua mihogo yenye pilipili na ndimu, kaa ukutani utazame meli ikiingia Kilindini. Meli kubwa hupita karibu mno pale, unaweza kuwaona mabaharia wakipungia mkono, na watoto wa Mombasa nao huwajibu wote bila kumwacha mmoja.

Shuka kidogo ulitazame jabali. Lina matundu na michirizi yenye mpangilio, maumbo ya nyota na ya uyoga. Hayo ni matumbawe. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, na mwamba huu wote ulikuwa hai chini ya maji. Ukiendelea hadi Fort Jesus, mwendo usiofika saa moja, utauona tena: Wareno walipoanza kuijenga ngome ile mwaka 1593 waliiketisha juu ya mwamba huohuo na kuchonga handaki lake ndani yake, na nyumba za Mji wa Kale zilizo nyuma yake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa yake. Tangu nilipolijua hilo siwezi tena kupita kwenye vile vichochoro bila kupapasa kuta.

Sasa twende kusini. Matembezi ya Tiwi hadi Diani ndiyo ninayowapeleka wageni wangu, kwa sababu ndani ya asubuhi moja yana karibu kila kitu. Ukivuka kivuko cha Likoni, ambako waenda kwa miguu hawalipi, unapanda matatu hadi njia panda ya Tiwi, kisha bodaboda hadi baharini. (Barabara ya Dongo Kundu na daraja la Mteza zimewawezesha wenye magari kuepuka kivuko. Mimi bado napenda kivuko. Dakika zile chache juu ya maji, wafanyakazi, baiskeli, mikokoteni na wauza kachri wote wamebanana wakitazama upande mmoja, kwangu ni mlango wa safari.)

Tiwi ina vighuba, miamba na utulivu. Maji yakipwa, uwanda wa mwamba unabaki wazi hadi karibu na pale mawimbi yanapovunjikia, na hapo utawakuta akina mama na vijana wenye vyuma wakitafuta pweza mashimoni. Wasalimie kabla ya kupita. Mzee mmoja niliyemsalimia pale, shikamoo, marahaba, alinyoosha kidole baharini na kuniambia, "Leo bamvua, mwanangu. Nenda mpaka utakako, lakini saa sita uwe ushageuka." Akarudi kwenye shimo lake. Ushauri ule naufuata hadi leo, maana maji yanaporudi juu ya uwanda hayaji kwa wimbi la kukutisha. Yanajaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, kimya, na wewe bado unaangalia mbele.

Vaa viatu vyenye soli ukienda mwambani, raba kuukuu zinatosha. Viumbe vyeusi vya miiba mirefu vimejaa kwenye vidimbwi. Angalia ila usichukue. Kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, kikiwa ndani ya maji ni chekundu cha kuvutia. Ukikipeleka Nairobi kitakuwa uvundo kwenye mfuko. Kauri na makombe nayo ni nyumba: ukikuta kombe tupu leo, kesho kaa atahamia humo.

Mwishoni mwa Tiwi unafika mdomo wa Mto Mwachema. Maji yakiwa chini unavuka kwa miguu, suruali imekunjwa, begi kichwani. Yakiwa juu huvuki. Ng'ambo yake, katikati ya mibuyu mikubwa, upo msikiti wa Kongo, wa mawe, wa karne nyingi, na bado watu wanaswali humo. Mara zote mimi hupumzika kwenye kivuli chake kwa nje, leso imefunikwa mabegani. Hapo mto unaingia baharini, bahari inaingia mtoni, na ukikaa muda wa kutosha utaona mkondo ukigeuka.

Kisha Diani yenyewe inafunguka, nyeupe, ndefu, na mchanga wake ni laini kiasi kwamba unalia chini ya kisigino. Weupe ule unatoka wapi? Sehemu yake kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagwa, na msagaji mmojawapo ni pono, yule samaki mwenye meno kama kasuku. Pono hukwangua mwamba wa matumbawe ili ale mwani unaoota juu yake, humeza na mawe, kisha hutoa mchanga safi. Ukikanyaga Diani unakanyaga kazi ya samaki ya vizazi na vizazi. Mwamba ukifa, kama matumbawe mengi yalivyokufa joto la bahari lilipozidi mwaka 1998, si samaki tu wanaopungua. Hata kiwanda cha mchanga kinapunguza kazi.

Na hapa Diani ndipo lilipo jambo linaloniuma. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 62, inaitaja ardhi yote iliyo kati ya mpaka wa maji kujaa na mpaka wa maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Yote, kuanzia Vanga hadi Kiunga. Hakuna hoteli yenye ufuo wake, hakuna jumba lenye ufuo wake. Wana viwanja vinavyopakana na ufuo wetu. Hata hivyo nimewahi kusimamishwa na askari wa hoteli moja, niko kwenye mchanga uliolowa, akaniuliza ninakwenda kwa nani. Nilimjibu kwa upole kwamba ninakwenda Galu, na kwamba mahali tuliposimama sisi wawili ni pa wananchi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametumwa. Lakini nilitembea kilomita nzima baada ya hapo nikiwa na fundo kooni, nikiwafikiria watoto wa Ukunda ambao hukutana na swali lile kila Jumapili na hawana lafudhi ya Nairobi wala kamera ya kuwalinda.

Lipo na la pili, na linaonekana vizuri kwa miguu kuliko kwa kitu kingine chochote. Viwanja vingi vimejenga kuta hadi ukingoni mwa maji, na barabara kadhaa za umma za kuteremkia baharini zimezibwa au zimemezwa na ua. Maji yakijaa hupiga ukuta, na mawimbi yanayogonga ukuta hurudi na mchanga. Kwa hivyo ardhi ile ya umma iko chini ya maji kwa nusu ya siku, na nusu iliyobaki utaifikia tu kama umepata kijia kilichosalia kati ya viwanja viwili. Ndiyo maana nasema ufuo una saa zake, na haki yetu juu yake ina saa zake vilevile. Anayetembea wakati maji yamepwa anaitumia haki hiyo kwa nyayo zake mwenyewe. Ningependa tuitumie kwa wingi, familia kwa familia, tukipita kwa salamu na bila kuacha takataka, mpaka askari wazoee kutuona na serikali za kaunti ziweke vibao kwenye kila njia ya kuteremkia ufuoni. Njia isiyopitwa huota majani, na kwa pwani yetu huota ukuta.

Yapo matembezi mengine ambayo nitayataja tu, kila moja lingetosha makala yake. Watamu, ambako bamvua ikipwa unaweza kutembea hadi kwenye visiwa vidogo vilivyolika chini, ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi. Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, magofu ya mji wa Waswahili yanayoteremka hadi mchangani kabisa. Zuru magofu kwanza, kisha ufuo. Gazi, ambako akina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao katikati ya mikoko na ambako mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiilinda misitu hiyo tangu mwaka 2013. Shela hadi ng'ambo ya vilima vya mchanga kule Lamu, ambako utatembea asubuhi nzima ukikutana na punda wawili na mvuvi mmoja.

Lakini matembezi yaliyonibadilisha mimi mtu wa Nairobi ni ya mdomo wa Sabaki, kaskazini mwa Malindi, na hayo sitayapita haraka.

Ukitoka Malindi unapanda tuktuk hadi daraja la Sabaki. Kijijini, ng'ambo ya mto, utapata vijana wanaoongoza wageni hadi baharini. Chukua mmoja. Mtoni kuna viboko, na vilima vya mchanga hubadilisha njia kila msimu. Mnapita mashamba, mnapita mchanga wenye nyayo za mbuzi, halafu ghafla hakuna mti, ni anga tu, tope linalong'aa, na ndege. Heroe (flamingo) wamesimama kwa mguu mmoja mstari baada ya mstari. Mwari wanaelea. Vitwitwi wanakimbia mbele ya wimbi na kurudi nyuma yake, na wengi wao wamekuja kutoka kaskazini ya mbali, ng'ambo ya Ulaya na Asia, kupisha baridi. Yupo na ndege mwingine, mdogo, wa rangi ya udongo, anayezaliana Madagascar na kuja pwani yetu katikati ya mwaka. Mdomo wa Sabaki ni mojawapo ya sehemu muhimu ambako hupumzika kwa makundi makubwa. Sululu nao hupiga mluzi unaosikika kabla hujawaona.

Kitu cha kwanza kinachokushtua baada ya ndege ni rangi. Ukizoea Diani unategemea buluu na nyeupe. Hapa bahari ni ya kahawia, nyekundu kidogo, kwa umbali mrefu, kisha ipo mstari ambapo rangi mbili zinakutana na hazitaki kuchanganyika. Mchanga wenyewe ni wa kahawia unaometameta. Huu haukutengenezwa na pono. Umetoka bara, umesagwa na mto.

Kijana aliyeniongoza aliniuliza, "Umetoka wapi, dada?" Nikamwambia Nairobi. Akaelekeza mkono kwenye maji. "Basi haya ni ya kwenu."

Alisema ukweli mtupu. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu. Unapita katikati ya mji, kando ya bustani ya Michuki, Gikomba, unashuka hadi Dandora na Ruai, ukibeba yote tunayoutupia. Mito ya Karura, ile tunayopigia picha maporomoko yake Jumamosi asubuhi, inaingia humohumo. Mto Nairobi unaungana na Athi, unaanguka pale Fourteen Falls karibu na Kilimambogo, unafuata ubavu wa uwanda wa Yatta kwa mamia ya kilomita, unakutana na Mto Tsavo, ule ule uliouvuka ukiwa kwenye treni, na kuanzia hapo unaitwa Galana. Ukishapita maporomoko ya Lugard unateremka tambarare hadi hapa, na hapa ni Sabaki. Baada ya Tana, ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya.

Nilisimama pale nikitafakari kwamba wikendi iliyopita nilikuwa nimetembea kando ya maji haya haya, Karura, nikiwa nimevaa sweta.

Na mto hauleti takataka peke yake. Unaleta shamba la mtu. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kutoboa tumbawe la miaka ipatayo 300 katika bahari ya Malindi. Tumbawe hukua tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, na kila tabaka hushika kiasi kidogo cha bariamu inayokuja na udongo wa mto. Kwa tabaka za karne mbili za mwanzo kiasi hicho kilikuwa kidogo na hakikubadilika sana. Kisha mwanzoni mwa karne ya 20 kikaanza kupanda kwa kasi, wakati ule ule ambapo misitu ya nyanda za juu ilikuwa ikifyekwa na mashamba ya kikoloni yakifunguliwa. Historia yetu ya ardhi, ile ya kunyang'anywa na kusukumwa kwenye miteremko isiyofaa kulimwa, imeandikwa ndani ya jiwe lililo hai mamia ya kilomita kutoka lilipotendeka jambo lenyewe. Udongo ule ndio uliopanua ufuo wa Malindi na kuusogeza mbali na mji. Kaskazi ikivuma, maji mekundu husukumwa kusini kuelekea matumbawe ya hifadhi; kusi ikivuma, huelekea Mambrui. Matumbawe yanahitaji mwanga, na tope linauziba.

Tulitembea kaskazini kuelekea Mambrui, bahari mkono wa kulia. Mvua zilikuwa zimenyesha bara wiki chache kabla, na ukingo wa maji kujaa ulikuwa umechorwa kwa chupa, mifuko ya unga, vifuniko, na pata-pata, pata-pata za kila rangi, nyingi za mguu mmoja. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na mwaka 2020 ikakataza plastiki za kutumia mara moja kwenye fuo na hifadhi, na tofauti ipo, naiona. Lakini mtu hatupi chupa ufuoni pekee. Anaitupa Ngara, anaitupa Kayole, kwenye mtaro ulio mbele ya nyumba, na mvua inafanya kazi iliyobaki. Huko Lamu mafundi waliwahi kuunda chombo kizima cha matanga kwa plastiki iliyookotwa, wakakifunika kwa vipande vya pata-pata, wakakiita Flipflopi, na mwaka 2019 kikasafiri hadi Zanzibar. Kabla ya siku ile ya Sabaki nilikiona kama kivutio. Sasa nakiona kama barua iliyoandikiwa sisi wa juu.

Tangu hapo matembezi yangu ya Nairobi yamebadilika. Jumamosi ambazo siko pwani nakwenda kando ya mito ya mji, na nina kikundi cha majirani ambao tunabeba magunia. Tunaokota sehemu ndogo tu, kipande cha ukingo, kuanzia daraja hadi daraja. Nawaambia kuhusu heroe. Wengine hawajawahi kufika Malindi, na sasa wamesema mwaka huu ni lazima.

Kwa hao, na kwa yeyote anayetaka kwenda: chagua wikendi ya bamvua, na kama unaweza epuka siku mvua kubwa inaponyesha bara, maana mto unafura na ukingo wake unabomoka. Lala Malindi usiku wa kwanza. Saa moja asubuhi uwe umeshafika darajani, kabla jua halijakuwa kali, kwa sababu kule mdomoni hakuna kivuli hata cha kichaka. Beba maji mengi, kofia, leso, na gunia moja tupu. Mlipe mwongozaji vizuri, vijana wale wanawajua ndege kwa sauti na wanawalinda. Usiwakaribie heroe hadi waruke. Wakiruka wamepoteza nguvu walizokuja kutafuta. Ukifika Mambrui kuna kaburi la kale la nguzo, lililowahi kupambwa kwa bakuli za Kichina, na karibu na barabara kuna vibanda vya chai vyenye mahamri na mbaazi hadi saa nne hivi, zikibahatika kubaki. Matatu za kurudi Malindi zinapita mara kwa mara. Kaa upande wa kushoto, mnapolivuka daraja uutazame mto mara moja zaidi.